Kishingo na Bata wa Harusi

Kafr Shalabi, 3 Machi 1984

Binti yangu Insaf,

Salamu hizi zikukute mzima huko Aswani, na umgawie shangazi yako Gamalat fungu lake, na mumewe lake, na huyo mchumba wako Bahgat kidogo, asizoee. Mimi ni mzima. Goti la kushoto nalo ni zima, ila kukiwa na baridi linasemasema. Jirani yetu Mama Zaki kanituma nikwambie mjukuu wake ameota jino, basi nimefikisha. Paka wetu amehamia kwa mwokaji mikate na simlaumu.

Sasa neno lenyewe: nimeamua kufuga bata.

Cheka umalize, nasubiri.

Umemaliza? Haya. Marehemu mama yako Tafida, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ziko siku mbili katika maisha ya mwanamke ambazo bata lazima watoke nyumbani kwa mama yake. Siku ya harusi, maharusi wale chakula chao cha kwanza, na siku ya kujifungua, mzazi apate supu ya kumrudishia nguvu. Siku hizo mbili, alisema, hata soko lifurike bata, hununui. Harusi yako ni kiangazi hiki, mama yako hayupo, aliyebaki ni mimi. Sitaki mtu wa huko aseme Insaf binti Tafida aliingia kwa mumewe na sufuria tupu.

Bata wa mama yako waliishia kwenye arobaini yake, hilo unalijua, uliwanyonyoa mwenyewe. Lakini Mama Zaki aliwahi kupewa vifaranga vyao, kwa hiyo mbegu haijapotea. Amenipa mayai kumi. Tatizo ni kwamba bata wake wakishataga wanaondoka zao kama watu waliodondosha kitambaa njiani. Kuatamia hawataki kusikia. Nikamkumbuka Kishingo, yule kuku wa mama yako asiye na manyoya shingoni, ambaye wiki hii ameanza kuatamia dukani kwangu juu ya kitambaa cha suruali ya mkuu wa kijiji. Mkuu nimemwambia uzi umechelewa kutoka mjini. Kishingo nimempa mayai kumi ya bata, na siku hiyohiyo nikamwongezea manne ya kwake, asijione mgeni katika kazi yake mwenyewe. Wazo hilo la mwisho ni langu, na mpaka sasa najisifu.

Baba yako Metwali, fundi cherehani, na sasa mfuga bata


Aswani, 17 Machi 1984

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Shangazi ule mguu uliokuwa ukimuuma umepona. Shuleni wamenipa darasa la mapishi, mimi niliyeunguza wali mbele ya mkaguzi mwaka jana, kwa hiyo ujue nchi hii haina kinyongo. Bahgat anakusalimu, bado yuko na nyaya zake za umeme kule bwawani. Mama yake pia anakusalimu, na anasema kwao harusi huliwa njiwa, bata ni mambo ya watu wa Delta wenye mifereji mlangoni. Kasema kwa upole, lakini kasema.

Baba, kwa nini ujitese? Bata wananunulika. Tena hakuna haraka, maana harusi huenda isiwe kiangazi. Kitanda hakijakamilika, seremala anatuzungusha. Tutaona baada ya Idi kubwa, au hata baadaye.

Na hayo mayai, naomba sana, hukuyaweka yote siku moja, sivyo? Ya kuku huanguliwa kwa wiki tatu, ya bata kwa wiki nne. Mama aliweka ya bata kwanza, akangoja wiki nzima ndipo akaweka ya kuku, watoke pamoja. Ukiyaweka pamoja, vifaranga wa kuku wakitoka, mama yao hunyanyuka nao akaondoka, na bata wakafia ndani ya mayai.

Unakula nini siku hizi?

Mwanao Insaf


Kafr Shalabi, 4 Aprili 1984

Mwanangu Insaf,

Salamu kutoka kwangu, kutoka kwa Mama Zaki, na kutoka kwa kijiji kizima, ambacho kwa mwezi huu hakikuwa na kazi nyingine ila kunitazama.

Barua yako iliyosema nisiweke mayai siku moja ilifika siku mbili baada ya Kishingo kunyanyuka. Posta wana busara yao, hawapendi kumharibia mtu funzo.

Ilikuwa hivi. Vifaranga wanne wa kuku walitoka, manjano, wazuri, nami nikawaita watu waje kuona. Wakati tunapongezana Kishingo akajikung'uta, akatoka mlangoni na wanawe wanne, na mayai ya bata akayaacha hapo kama kazi ya mtu mwingine. Nikamrudisha, akatoka. Nikamfunika kwa kikapu, akapiga kelele mpaka muadhini akauliza kuna nini. Mama Zaki akaja, akayashika mayai, akanitazama. "Baba Insaf," akasema, "wewe suruali unashona mguu mmoja kwanza au yote miwili kwa mpigo?"

Mayai yalikuwa bado na uvuguvugu. Nikafikiri, mimi kazi yangu ni nini? Ni kukaa. Miaka thelathini nimekaa kwenye mkeka mmoja, miguu nimekunja, na Mungu hampi mtu makalio haya bure. Nikayatia mayai kwenye pamba ndani ya ungo, nikaupakata, upande mmoja nikaweka pasi yangu ya mkaa, upande wa pili goti langu bovu, nikatandaza koti juu. Nilishona hivyohivyo wiki nzima. Mteja akiingia sinyanyuki, namwambia ajipime mwenyewe, anitajie. Ndiyo maana kuna watu hapa wana kanzu pana za kuvulia samaki.

Jina nimepata. Watoto wakipita mlangoni wanauliza, "Fundi, umeangua?" Imamu mwenyewe, baada ya swala, kaniuliza kama kinyesi cha ndege kinaharibu udhu. Nikamwambia bado hawajatoka, wakitoka nitamletea suala kamili.

Walitoka, Insaf. Siku mkuu wa kijiji alipokuja kuchukua suruali yake, nikasikia kitu kinagonga chini ya koti. Nikamwambia, "Mzee, samahani, nina uchungu." Mungu ni shahidi, ndivyo nilivyosema, sijui ulimi uliyatoa wapi. Kumi nilikuwa nayo, matatu yakawa viza, saba wakatoka. Nimewaingiza chini ya Kishingo pamoja na wale wanne. Akawageuza kwa mdomo mmoja mmoja, akaona nyayo zao, akanitazama mimi, kisha akaketi juu yao. Nililia kidogo. Mkuu alidhani ni kwa sababu ya suruali yake.

Waliosema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura hawakumwona Kishingo akiwafundisha bata. Anachakura, wao wanakanyaga. Anachakura tena, wao wanakalia.

Baba yako Metwali, aliyejifungua salama


Aswani, 26 Aprili 1984

Baba,

Shikamoo, na hongera ya uzazi. Barua yako nimemsomea shangazi, akacheka mpaka akashika ukuta. Bahgat kaomba nimsomee mara ya pili. Mama yake alisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, halafu akauliza, "Na huyo ndiye atakayeleta chakula cha harusi?" Nikamwambia ndiye. Akajitengeneza mtandio, na yeye akijitengeneza mtandio ni hotuba.

Kuhusu siku, Baba, naona bora tusogeze hadi mwakani. Kitanda bado. Kuta nazo zinataka rangi, na rangi lazima ilingane na zulia, na zulia halijapatikana, unajua mambo haya. Bahgat amekubali. Yeye hukubali kila kitu, ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake.

Umejibu kila jambo nililoandika isipokuwa moja. Unakula nini?

Insaf


Kafr Shalabi, 14 Mei 1984

Insaf,

Salamu. Mama Zaki anakusalimu, jino la pili limeota. Nakula vizuri.

Bata wameugundua mfereji. Kishingo aliwatoa matembezi, kuku wanne nyuma yake na bata saba nyuma ya kuku, nami nyuma ya bata, fimbo mkononi. Tulipofika ukingoni bata wakanusa upepo, wakamwacha mama yao amesimama, wakajitosa. Wote saba. Ungemwona Kishingo. Alikimbia kwenda na kurudi pale ukingoni, mbawa amezitandaza, analia, anatia mguu mmoja majini na kuutoa, analia tena.

Mimi nikafanya nini? Nikaingia. Na kanzu mpya, niliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya harusi yako. Maji yakanifika kifuani, nikawa nawakimbiza bata nikiwaita warudi, watazama. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo waliacha vyombo. Mama Zaki akaniita kutoka ng'ambo, taratibu, kama unavyosema na mgonjwa: "Baba Insaf. Hao ni bata."

Nikasimama humo majini, nikawaangalia. Walikuwa wanaogelea. Hawakufundishwa na kuku, wala na mimi. Kishingo peke yake ndiye aliyekuwa hajui, akaendelea kulia pale juu, na mtu wa kumweleza hakuna.

Sasa nisikilize. Mume wa shangazi yako alipita hapa juzi akienda kwao Tanta, tukanywa chai. Nikamuuliza habari za kitanda. Akasema kitanda? Kitanda kipo nyumbani kwake Aswani tangu majira ya baridi, kimepigwa vanishi, paka wao analalia. Rangi nayo imeshapakwa.

Hakuna seremala anayekuzungusha, mwanangu. Unayezunguka ni wewe. Unanisubiri mimi, nami sijui unasubiri nife au nioe, maana hayo mawili yote kwa umri wangu yana usumbufu. Mama yako kufariki kumeniuma, kunaniuma hata leo ninapoandika. Lakini hakukunifanya mtoto wako. Weka siku. Acha kunililia ukingoni.

Baba yako


Aswani, 5 Juni 1984

Baba,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Niliandika ya kukujibu kwa hasira nikaichana, nikaandika nyingine nikailowesha.

Sawa. Kitanda kipo. Lakini na wewe useme kweli. Siku ya arobaini nilikuona jikoni umesimama katikati ya nyumba yako mwenyewe, unatafuta chumvi. Ulifungua kila kopo. Mwisho ukamwita mama. Ulimwita kwa jina lake, Baba, kisha ukala maharage bila chumvi, ukadhani sikuona. Nitaolewaje nikaishi siku nzima ya reli mbali na mtu huyo? Mama Zaki naye kamwambia shangazi kwamba mwaka mzima huu unakula jibini na kitunguu.

Na kuna la bata. Vifaranga umewatoa, nakuvulia kofia, lakini bata wa harusi hawaliwi wembamba. Wiki za mwisho mama aliwashindilia. Unakumbuka alivyofanya: anatia maharage ya ful yaliyolowekwa kinywani mwake pamoja na maji, anampanua bata mdomo, anamlisha kinywa kwa kinywa, asubuhi na jioni, mmoja mmoja. Bila hivyo bata anabaki mifupa na kelele, na mama yake Bahgat atasema yatima kaletewa shomoro. Kazi hiyo ni ya wanawake. Mama Zaki meno yamekwisha, hawezi. Basi nunua, Baba, nami sitasema neno.

Lakini siku nimeweka. Alhamisi ya kwanza baada ya Idi kubwa. Umefurahi?

Insaf


Kafr Shalabi, 22 Agosti 1984

Mwanangu mpenzi Insaf,

Salamu za moyo mzima, kwako na kwa shangazi na kwa Bahgat, sasa simpunguzii. Nimefurahi.

Chumvi iko kwenye kopo la buluu nyuma ya kinu. Pilipili manga iko kulia kwake, bizari kushoto, na kopo la nne ni la sukari, hilo nililijua kwa njia ya uchungu siku ya mulukhiya, ule mchuzi wa majani ya mlenda. Mulukhiya napika mwenyewe. Ya kwanza Mama Zaki aliumwagia mti, na mti bado unaumwa. Ya juzi alikula akaomba ongezo, nikamwambia sina, kumbe ninayo, nilitaka kula kesho.

Bata wananenepa. Madume ni wanne na majike watatu. Madume nitakuja nao. Nitawaleta hai kwenye tenga, kwa treni, niwachinje huko asubuhi ya Alhamisi na shangazi yako aoke. Majike nawaacha, usiniulize kwa nini.

Wanalishwa. Asubuhi na jioni, maharage ya ful yaliyolowekwa, kama inavyotakiwa. Usiniulize na nani. Nimekwambia wanalishwa, inatosha. Dukani siku hizi nafungua nimechelewa na mlango wa uani naufunga kwa komeo, hilo nalo usiulize.

Kishingo haelewi wanawe wamekuwaje wakubwa kumpita. Bado anajaribu kuwaweka chini ya mbawa, na wao wanakubali kuingiza vichwa tu, kwa heshima.

Ukinipokea stesheni usishtuke. Nimebadilika kidogo usoni. Ni joto.

Baba yako


Aswani, 9 Oktoba 1984

Baba,

Shikamoo kutoka nyumbani kwangu. Nimeandika maneno hayo mawili mara tatu pembeni ya karatasi, kuyazoea. Bahgat anakusalimu, kitanda kinakusalimu. Wali wa jana umeungua kidogo tu.

Uliondoka kwa haraka sana, na mbele ya watu sikuweza kusema, kwa hiyo nasema sasa.

Pale stesheni nilikupita. Nilimwona mzee amekumbatia tenga la bata, nikafikiri maskini, huyu naye ana harusi, nikaendelea kukutafuta. Nilikuwa natafuta masharubu. Tangu nizaliwe sijakuona bila masharubu yale. Ulitoka nayo jeshini, ulizika nayo wazazi wako, na yule mtu wa sokoni aliyeyashika kwa mzaha nusura mfikishane kwa mkuu wa kijiji. Uliponiita nikageuka, nikaona mdomo wako wa juu mweupe kama wa mtoto, umejaa alama ndogondogo za kudonolewa. "Joto," ukasema. Nikasema ndiyo, Baba, joto. Kisha nikainama nikajifanya naangalia bata, na uliniona nikilia ukadhani ni kwa furaha ya bata.

Bata humdonoa mtu masharubu anapomlisha kwa kinywa. Nilijua palepale.

Kuna jambo hukuliona, ulikuwa uani na wanaume. Mama yake Bahgat alifunua sinia, akabonyeza paja la bata kwa kidole, mafuta yakatoka. Akala. Akauliza, "Nani aliyewanenepesha? Huu ni mkono wa mama." Shangazi akanitazama. Nikasema, "Ni Baba yangu, kwa kinywa chake, na masharubu yake alinyoa kwa ajili hiyo." Yule mama akaweka paja chini, akanawa, akachukua bata mzima aliyebaki, akamfunika, akaenda kumfungia kabatini. "Huyu asiguswe na wageni," akasema. "Huyu ni wa maharusi peke yao." Njiwa zake aliwagawia majirani.

Mtu akikuuliza, mwambie ni joto. Mimi sijasema kitu.

Mwanao Insaf


Kafr Shalabi, 20 Novemba 1984

Mwanangu Insaf,

Salamu kwako, kwa mumeo, na kwa mama yake, mwambie mkono wangu anaousifu una vidole vya fundi cherehani tu. Mimi ni mzima. Masharubu yamerudi nusu. Upande wa kulia una bidii zaidi, na wateja wananiuliza kama nimeshonwa na mwanagenzi. Joto limepungua.

Nilipofika kutoka kwako, Kishingo alikuwa ukingoni mwa mfereji. Mama Zaki anasema alikwenda pale kila siku tangu nilipobeba lile tenga. Anasimama, anaita wale bata wanne, anasikiliza, anarudi. Nilikaa naye. Sikuwa na kazi, na ukweli ni kwamba na mimi nyumba ilikuwa kubwa siku zile. Tukakaa wote wawili tunaangalia maji. Wiki ya pili akaacha, akaingia dukani, akaketi juu ya kitambaa cha kanzu ya imamu. Tumeendelea.

Majike watatu wameanza kutaga. Mama Zaki ananiuliza kila asubuhi kama nimwekee Kishingo mayai majira ya baridi yakiisha. Nimemwambia sina haraka, mimi simharakishi mtu. Nasema tu, kwa mtu yeyote anayependa kujua mambo ya ufugaji, kwamba bata kutoka kwenye yai mpaka kwenye sufuria anataka karibu nusu mwaka, na kwamba anayehitaji bata kwa siku fulani inafaa anijulishe mapema. Sizungumzii mtu. Nazungumzia bata.

Baba yako Metwali


Aswani, 28 Januari 1985

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi sote wazima. Shangazi amehamia kwetu kwa muda, ananikataza kubeba ndoo. Mama yake Bahgat ananiletea machungwa, na harufu ya wali siku hizi siivumilii, basi anapika Bahgat.

Baba, weka mayai. Ya bata kwanza.

Na masharubu yaache yajae, una nafasi mpaka Julai.

Mwanao Insaf